Arobaini na moja: jibu kwa aliyeuliza juu ya Spika Willie Brown wa California

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyeko Dodoma. Nalifupisha: "Mjomba wangu anaishi Sacramento, makao makuu ya California. Ananiambia zamani spika wa jimbo lao alikuwa na nguvu kuliko wengi waliokaa Washington, na kwamba mmoja, Willie Brown, alikalia kiti kile karibu miaka 15. Mimi spika ninayemjua ni yule wa joho na siwa, anayesema 'wanaoafiki waseme ndiyo'. Mtu anafikaje kwenye uspika wa namna ile, anadumuje, na anaondokaje?"

Kijana wangu, mjomba wako hajatia chumvi nyingi. Kabla sijasema lolote shika namba moja, 41. Baraza la chini la bunge la California, ambalo wenyewe huliita Assembly, lina viti 80. Nusu yake ni 40; ongeza mmoja, umepata spika. Mamilioni ya wakazi wa jimbo lile hawamchagui. Wapiga kura wake ni wale 80 waliomo ukumbini, na kazi yake kila anapoamka ni kuhakikisha 41 kati yao bado wanamtaka kuliko wanavyomtaka mtu mwingine. Ukilielewa hilo, maisha yote ya kisiasa ya Brown yatakufungukia.

Spika unayemjua wewe ni mwamuzi. Ndivyo tulivyorithi kwa Waingereza, na katiba zetu zimelisisitiza kila moja kwa namna yake: Tanzania inaruhusu spika atoke miongoni mwa wabunge au nje yao, Kenya inamtaka asiwe mbunge kabisa. Uwe na malalamiko yoyote juu ya upendeleo wa kiti (na vijiwe vya Dodoma havikosi malalamiko hayo), bado tunalalamika kwa sababu tunaamini mwamuzi hapaswi kupendelea. Katika majimbo mengi ya Marekani hakuna anayeamini hivyo. Spika ni refa ambaye pia ni kocha wa timu moja, na kila mtu uwanjani anajua. Ni mbunge kamili, ana jimbo lake la uchaguzi, anapiga kura, na ndiye kiongozi wa chama chenye wabunge wengi.

Na anagawa. Enzi za Brown spika wa California aliamua nani awe mwenyekiti wa kamati ipi, nani awe mjumbe wa kamati ipi, nani apate ofisi yenye madirisha na nani abanwe kwenye kichumba, nani apate watumishi wangapi. Mbunge aliyemuudhi aliamka asubuhi akakuta hana kamati. Kiti hicho pia kilimpa nafasi za kujaza kwenye tume na bodi za jimbo, zenye mishahara. Kamala Harris, ambaye wakati ule alikuwa mwendesha mashtaka kijana na alikuwa na uhusiano na Brown, aliteuliwa naye kwenye tume mbili za jimbo mwaka 1994, na jambo hilo lilimfuata mama huyo katika kila kampeni aliyofanya baadaye.

Kisha kuna fedha. Jesse Unruh, aliyekuwa spika kuanzia 1961 hadi 1969, ndiye aliyesema kwamba fedha ni maziwa ya mama ya siasa. Huyo ndiye aliyelitengeneza bunge la California likawa la kazi ya kutwa, lenye mshahara na wataalamu wake, kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 1966. Na ndiye aliyeufanya mchango wa kampeni kuwa chombo cha spika: wenye biashara wanachangia kwake, yeye anawagawia wagombea wanaomuunga mkono. Sisi tuna neno takrima, lakini takrima humwendea mpiga kura kwa sahani ya pilau. Hii ilimwendea mbunge mwenyewe, naye akijua kabisa ametoa nani na kwa nini. Brown hakulibuni shamba hilo. Alilikuta limeshalimwa, akavuna kuliko aliyelima.

Sasa mtu mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1934 Mineola, mji mdogo wa Texas, wakati weusi na weupe walisoma shule mbalimbali na kuingia kwa milango mbalimbali. Alisugua viatu utotoni. Mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 17, alifunga safari kwenda San Francisco. Kwa nani? Kwa mjomba wake! Mjomba huyo alikuwa mcheza kamari wa kazi, mwenye suti nzuri na marafiki wengi, na wengi walioandika juu ya Brown wanakubaliana kwamba mahaba yake ya suti za Kiitaliano yalianzia pale. Alisafisha majengo huku akisoma, akapata shahada ya kwanza 1955 na ya sheria 1958. Mawakili wakubwa hawakuwa wakiajiri weusi, basi akafungua ofisi yake, akawatetea wateja ambao wengine hawakuwataka, wakiwemo machangudoa.

Jina lake mjini lilitokana na nyumba. Mwaka 1961 alikwenda na familia yake kutazama nyumba ya maonyesho katika mtaa mpya uliokuwa ukiuzwa. Wauzaji walipomwona mweusi anakuja, wakatoweka. Akarudi na watu, wakakaa palepale, siku baada ya siku, waandishi wakaja. Nyumba hakuipata, lakini mwaka uliofuata aligombea ubunge na kukosa kidogo tu. Akagombea tena 1964, akashinda. Januari 1965 akaapishwa. Asingetoka katika baraza lile kwa miaka 31.

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu hapa ndipo uspika wake ulipotengenezwa, na ulitengenezwa kwa kushindwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Brown alikuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha ya baraza, kamati ambayo mswada wowote wenye senti ndani yake lazima uipitie. Spika wa wakati huo, Bob Moretti, alikuwa anaondoka kugombea ugavana, na Brown alikuwa mrithi aliyejulikana. Alikuwa msemaji kuliko wote. Mwaka 1972 taifa zima lilikuwa limemwona kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democrat akidai kwa sauti ya radi arudishiwe wajumbe wake wa California. Mwaka 1974 kura zikapigwa. Akashinda Leo McCarthy, mtu mpole, naye pia wa San Francisco. Hata miongoni mwa wabunge weusi wenzake Brown hakupata kura zote.

Nilipokuwa nikifundisha habari za mabunge niliwauliza wanafunzi wangu kila mwaka: kwa nini mtu hodari kuliko wote alishindwa? Wengi walijibu rangi. Rangi haikukosekana, lakini jibu langu ni jingine. Brown alikuwa amehesabu kura ambazo hakuwa ameziomba. Alidhani mtu fulani ni wake kwa kuwa ni mweusi, fulani kwa kuwa ni rafiki, fulani kwa kuwa anacheka akisikia utani wake. McCarthy alikwenda kwa kila mmoja akamuuliza unataka nini. Brown akapokonywa uenyekiti, akasukumwa pembeni. Walimngoja akasirike aondoke. Hakuondoka. Alikaa, akajifunza kuuliza lile swali, na baada ya muda McCarthy mwenyewe akamrudisha kundini kwa kumpa uenyekiti wa kamati ya kodi.

Kisha ikaja vita ya 1980. Howard Berman wa Los Angeles, mbunge aliyekuwa kiongozi wa wabunge wa chama chini ya McCarthy, alitaka kumpindua bosi wake. Chama kikapasuka mwaka mzima. Wademokrati walipigana wao kwa wao kwenye kura za mchujo kana kwamba adui hayupo. Uchaguzi ulipokwisha Berman alikuwa na Wademokrati wengi upande wake, lakini hakuwa na 41 peke yake. McCarthy akajitoa. Brown akaenda mahali ambapo hakuna aliyetazama: kwa Warepublican. Akawauliza unataka nini.

Walitaka wasidhulumiwe. Walitaka viti vya heshima kwenye kamati, watumishi, uenyekiti wa kamati kadhaa. Walimwogopa Berman, na mwaka 1981 mipaka ya majimbo ya uchaguzi ilikuwa inachorwa upya baada ya sensa, kazi ambayo ikifanywa na adui inaweza kukufuta kabisa. Desemba 1, 1980, Willie Brown alichaguliwa spika kwa kura 51, 28 zikiwa za Republican na 23 za chama chake. Rudia kusoma hizo namba. Spika mweusi wa kwanza wa California, mtu wa mrengo wa kushoto wa San Francisco, alibebwa na wahafidhina kuliko alivyobebwa na wenzake.

Na Berman je? Mipaka ilipochorwa upya, likapatikana jimbo zuri la ubunge wa taifa kule Los Angeles. Mwaka 1982 Berman akachaguliwa kwenda Washington, akakaa huko miaka 30. Ndiyo maana nasema mjomba wako hakutia chumvi nyingi: kulikuwa na mazingira ambamo kupelekwa Washington ilikuwa ni kuondolewa njiani kwa adabu. Warepublican nao walipoona ile ramani waligundua wamebeba mtu ambaye hawakumjua. Walilia sana. Hawakuwa na 41.

Alitawala namna gani? Alijiita spika wa wabunge, na kwa kweli aliwatumikia. Mbunge mwenye uchaguzi mgumu aliruhusiwa kupiga kura kinyume na chama ili asiumie nyumbani, na Brown akabeba lawama badala yake. Hilo ni jambo watu wachache wanaliona: sehemu ya kazi ya spika wa aina hii ni kuchukiwa kwa niaba ya wengine. Alijiita kwa utani ayatollah wa baraza, akaendesha Ferrari, akavaa suti za Brioni, magazeti yakamtazama yeye, na wale 41 wakalala salama majimboni mwao.

Nitakupa visa viwili, kimoja cha kumsifu na kimoja sivyo.

Miaka ya 1980 wanafunzi wa vyuo vya California walikuwa wakiandamana wakitaka fedha za vyuo zitolewe kwenye kampuni zilizofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu. Spika wa California, kwa cheo chake, ni mjumbe wa bodi ya Chuo Kikuu cha California. Brown akaenda kukaa kwenye kiti hicho, ambacho maspika wengi walikiacha kitupu, akasukuma hoja. Julai 1986 bodi ilikubali kuondoa uwekezaji wa takriban dola bilioni 3. Gavana George Deukmejian, Republican aliyekuwa amepinga, naye akageuka. Mwaka huohuo akatia saini sheria ya jimbo zima, ambayo mswada wake uliandikwa na Maxine Waters, mwanamke ambaye Brown alikuwa amempa wadhifa mkubwa barazani. Juni 1990 Mandela, miezi michache tangu atoke jela, alisimama uwanjani Oakland kuwashukuru watu wa eneo lile.

Kisa cha pili ni cha kitambaa. Septemba 1987, siku za mwisho za kikao, mawakili wa madai, madaktari, kampuni za bima na wenye viwanda walikutana katika mkahawa wa Kichina wa Frank Fat, hatua chache kutoka bungeni Sacramento. Walikuwa wamepigana miaka mingi juu ya sheria za fidia. Brown na Bill Lockyer, seneta wa baraza la juu, walikuwa katikati, na masharti ya amani yakaandikwa kwenye kitambaa cha kufutia mikono cha mezani. Kabla ya kikao kufungwa yalikuwa yamepitishwa na mabaraza yote mawili ya bunge, bila mjadala wa maana. Ndani yake mlikuwa na kinga kwa kampuni za tumbaku dhidi ya kesi za wavutaji, na kinga hiyo ilidumu mpaka ilipofutwa mwaka 1997. Wako wanaousimulia usiku ule kama ufundi wa siasa. Mimi huona kwamba waliougua mapafu hawakuwa na mtu kwenye meza ile.

Na ndiyo hapo lawama juu yake ziliposhika. Sheria za jimbo ziliruhusu mbunge kuendelea na kazi yake, naye aliendelea kuwa wakili wa kampuni zenye mambo na serikali akiwa spika. FBI, wapelelezi wa serikali ya taifa, ilitega mtego bungeni katika miaka hiyo kwa kutumia kampuni hewa ya kamba (wale wa baharini), ikapekua ofisi mwaka 1988, na wabunge kadhaa wakafungwa, pamoja na kiongozi wa Warepublican, Pat Nolan. Brown alichunguzwa. Hakuwahi kushtakiwa.

Mwaka huohuo wa 1988 ndipo 41 ilipotikisika. Wabunge watano wa chama chake mwenyewe, vijana wenye msimamo wa kati, waliasi. Fanya hesabu: Warepublican walikuwa 36. Thelathini na sita na tano ni 41 kamili. Brown akawavua kamati, akawahamishia kwenye ofisi mbaya, akangoja. Warepublican hawakuweza kumeza kumpa kiti Mdemokrati mwingine, uchaguzi wa Novemba ukamwongezea watu, na uasi ukafa. Nadhani unaona mzaha wa historia: njia aliyopandia yeye 1980 ndiyo waliyojaribu kupandia wale watano, na hakuna aliyeijua njia hiyo, mashimo yake yote, kuliko yeye.

Waliomshinda mwishowe hawakuwa ukumbini. Katika California raia wakikusanya saini za kutosha wanaweza kupeleka sheria moja kwa moja kwenye sanduku la kura. Novemba 1990 walipeleka Pendekezo namba 140: mbunge wa baraza la chini asizidi vipindi 3 vya miaka 2, seneta asizidi vipindi 2 vya miaka 4, na bajeti ya bunge ikatwe karibu asilimia 40. Halikumtaja Brown kwa jina, lakini uso wake ndio uliokuwa kwenye kampeni. Likapita kwa asilimia 52. Bunge likaenda mahakamani, Mahakama Kuu ya jimbo ikaliacha lisimame. Kwa watu waliokuwemo tayari saa ilianza kuhesabu upya, hivyo ya Brown ingegonga mwaka 1996.

Mtu mwingine angekunja jamvi. Novemba 1994 Warepublican wakashinda viti 41 dhidi ya 39; ile namba ikawa yao kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Siku ya kuchagua spika, Desemba 5, majina yakaitwa moja moja, na Paul Horcher, Republican, akatamka jina la Brown. Akakihama chama chake hapohapo. Arobaini kwa arobaini. Baraza likakaa bila spika hadi Januari, Brown akiwa mwenyekiti wa muda kwa ukongwe. Ndipo likaibuliwa suala la Richard Mountjoy, Republican aliyekuwa amechaguliwa wakati mmoja kwenye baraza na kwenye Seneti. Wademokrati wakamwondoa kwa kuwa mtu hawezi kukaa viti viwili, na Brown akachaguliwa tena kwa 40 dhidi ya 39. Mei wapiga kura wa Horcher wakamwondoa ubunge kwa hasira. Juni Brown akaachia kiti kwa hiari yake, lakini kwa nani? Kwa Doris Allen, Republican, aliyepata kura za Wademokrati wote na kura moja tu ya chama chake, nayo ni yake mwenyewe. Naye wapiga kura wake wakamwondoa Novemba. Warepublican hawakupata spika waliyemtaka wao mpaka Januari 1996, zaidi ya mwaka mzima tangu washinde uchaguzi.

Huo ni ufundi wa ajabu, na sitaki kujifanya siufurahii. Lakini ona ulikuwa umebaki ni wa kuzuia tu. Katika miezi ile yote sikumbuki sheria moja kubwa iliyotoka. Hesabu ilikuwa imegeuka ya kujihesabia yenyewe.

Usimfanye Brown kipimo cha wote, maana kila jimbo lina njia zake. Michael Madigan wa Illinois alikaa uspika miaka 36, 1983 hadi 2021 ukitoa miwili katikati, tena akawa mwenyekiti wa chama chake jimboni kwa zaidi ya miaka 20, hivyo ramani, fedha na orodha ya wagombea vyote vilipita mkononi mwake. Illinois haikuweka ukomo. Yeye aliondolewa na wenzake baada ya uchunguzi wa rushwa iliyohusu kampuni ya umeme. Mahakama ilimtia hatiani Februari 2025, akahukumiwa miaka 7 na nusu. Brown alikuwa mchekeshaji mwenye mdomo, Madigan hakusema neno. Kazi ilikuwa ileile.

California yenyewe, baada ya 1996, ilipata maspika wa kupita: Bustamante, Villaraigosa, Hertzberg, Wesson, takriban miaka miwili kila mmoja. Karen Bass, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza bunge la jimbo Marekani, alikaa 2008 hadi 2010. Mtu anajifunza ulipo ufunguo wa ofisi, muda umekwisha. Ujuzi ukahamia kwa watumishi na kwa mawakala wa kampuni, ambao hawana ukomo. Mwaka 2012 wapiga kura wakalegeza kidogo: miaka 12 jumla, ukipenda yote ndani ya baraza moja. Ndiyo maana Anthony Rendon aliweza kukaa miaka saba, hadi 2023.

Brown alikwenda kuwa meya wa San Francisco kuanzia Januari 1996 hadi 2004. Na mwaka 2013 bunge lilipitisha azimio la kuipa sehemu ya daraja jina lake, ingawa gavana Jerry Brown (si ndugu yake) hakupendezwa. Mjomba wako akitoka Sacramento kwenda San Francisco kwa barabara ya 80 atavuka Bay Bridge. Nusu ya mwisho, kutoka kisiwani hadi mjini, ndiyo ya Willie Brown. Muulize kama amewahi kusikia mtu yeyote akiiita hivyo.